Nani Kasema Wachezaji Wameichoka Michezo Mikubwa?

Kuna maneno ambayo siku hizi yanarudiwa kila panapozungumzwa michezo ya video, kuanzia kwa waandishi wa Ulaya na Marekani hadi kwa wauza mashine za michezo wa Butembo na wanafunzi wa Beni, mashariki ya Kongo. Maneno yenyewe ni haya: michezo ya bajeti kubwa, ile inayoundwa na mamia ya watu kwa miaka mitano au sita na kumeza mamia ya mamilioni ya dola, imeishiwa mvuto. Wachezaji wameikinai. Wanataka michezo midogo yenye ubunifu, au ya bure kwenye simu, na kampuni kubwa hazijang'amua kwamba wateja wamekwisha kuhama.

Hoja hiyo ina ushahidi, na haki ni kuuweka wote mezani kabla ya kuujibu. Tarehe 23 Agosti 2024 Sony ilitoa mchezo wa risasi uitwao Concord. Tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu baadaye, mchezo ukaondolewa sokoni na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Oktoba, studio iliyouunda ikafungwa. Miezi michache kabla ya hapo, Suicide Squad: Kill the Justice League ulikuwa umeitia Warner Bros. hasara ya dola milioni 200. Mwaka huohuo ukatoka Balatro, mchezo wa karata uliotengenezwa na mtu mmoja, na kufikia Januari 2025 ulikuwa umeuza nakala milioni 5. Desemba 2025 tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards ikaenda kwa Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya studio ndogo ya Montpellier, Ufaransa. Wauza mashine wetu nao wanaongeza ushahidi wa nyumbani: pita mtaa wowote wa Butembo jioni, vijana wameinamia simu. PlayStation inakaa dukani na vumbi lake.

Hiyo ndiyo hoja, na ninaipinga yote. Inapima hamu ya watu kwa risiti za duka, kisha inamhesabu asiyeweza kuingia dukani kuwa hataki. Mtu aliyefungiwa lango la soko haitwi mtu aliyeshiba.

Kwanza: ushahidi umechaguliwa

Concord ulitoka siku ya Ijumaa. Jumanne ya wiki hiyohiyo, tarehe 20 Agosti, studio ya Kichina ya Game Science ilikuwa imetoa Black Myth: Wukong, mchezo mzito wenye picha za hali ya juu, na ndani ya siku tatu ziliuzwa nakala milioni 10. Michezo miwili, wiki moja. Kwa nini mmoja unaitwa alama ya zama na mwingine unaachwa nje ya mazungumzo?

Warner Bros. hiyohiyo iliyoumia na Suicide Squad ilikuwa, mwaka mmoja tu nyuma, imetoa Hogwarts Legacy. Ulitoka Februari 2023, na hadi mwaka unakwisha ulikuwa umeuza nakala milioni 22. Ni kampuni ileile na wateja walewale. Kilichobadilika ni mchezo wenyewe: mmoja watu waliupenda, mwingine waliukataa. Mchezo mbaya wa gharama kubwa si jambo la leo. Mwaka 1982 Atari ilitoa E.T., na kaseti zilizokosa wanunuzi zikazikwa jangwani New Mexico mwaka uliofuata. Hakuna mtu makini anayesema leo kwamba watu waliacha kupenda michezo ya video mwaka 1982.

Tena kuna Grand Theft Auto (GTA). Toleo la tano lilitoka mwaka 2013 na limevuka nakala milioni 200. Desemba 2023 Rockstar ilipoonyesha trela ya kwanza ya toleo la sita, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwa siku moja. Watu waliokinai hawakeshi wakisubiri dakika moja na nusu ya picha.

Hapa upande wa pili unajikanyaga wenyewe. Wakisema wachezaji wameuchoka ukubwa, papo hapo wanalalamika kwamba wachezaji hawabanduki kwenye michezo mikubwa ya zamani. Kampuni ya utafiti ya Newzoo ilionyesha kwamba mwaka 2023 zaidi ya nusu ya saa zote za kucheza kwenye kompyuta na konsoli zilikwenda kwa michezo yenye umri wa miaka 6 au zaidi, na inayoongoza humo ni majina kama Fortnite, Call of Duty na GTA. Chagueni moja. Ama wachezaji wameikimbia michezo mikubwa, ama wameing'ang'ania kiasi kwamba mipya haipati nafasi.

Na huo Expedition 33 wanaoupeperusha? Uangalieni vizuri. Nyuso zinazotoa machozi, muziki wa okestra, waigizaji wa filamu kama Charlie Cox na Andy Serkis wakitoa sauti, hadithi ya saa nyingi. Kila kitu ndani yake kinafuata yale ambayo michezo mikubwa iliwafundisha watu kuyapenda. Waliouunda walipata njia ya kuyatoa kwa watu wachache na kuyauza kwa takriban dola 50. Mchezo huo unashuhudia upande wangu.

Pili: simu haikushinda chochote

Sasa twende kwa hao vijana walioinamia simu. Wanacheza nini humo? Anayesema wameacha michezo mikubwa hajawahi kuchungulia kioo cha simu yao. Wengi wako kwenye mpira: eFootball, ambayo ni Pro Evolution Soccer (PES) ya Konami iliyobadilishwa jina mwaka 2021, au FC Mobile ya EA. Wengine wako kwenye Call of Duty Mobile. Wengine wanazunguka mitaa ya GTA: San Andreas, mchezo uliotoka kwenye PlayStation 2 mwezi Oktoba 2004, ukiwa miongoni mwa kazi kubwa za wakati wake, na kuingia kwenye simu Desemba 2013. Hayo ni matunda ya bajeti kubwa yaliyopunguzwa hadi yakaenea kiganjani.

Kaa nusu saa kwenye meza ya fundi wa simu, Butembo au Beni, utaona hamu hiyo kwa macho. Kijana anafika na simu yenye kioo kilichopasuka kona. "Yaya, niwekee PES yenye vikosi vya mwaka huu." Anachotaka ni mchezo wa zamani wa PSP, mashine ambayo Sony iliitoa mwaka 2004, unaochezwa kwenye simu kwa programu ya PPSSPP, na ambao wapenzi wake wanaubadilisha kila msimu: majina mapya, jezi mpya, hata sauti ya mtangazaji. Fundi anauliza, "Simu yako iko na nafasi?" Haina. Kijana anaanza kufuta. Nyimbo zinakwenda. Video za arusi ya dada yake zinakwenda. Picha anazisita kidogo, kisha nazo zinakwenda, mpaka faili linaingia. Anajaribu palepale akiwa amesimama, simu inapata moto mkononi, mchezaji anakwamakwama uwanjani, na yeye anatabasamu. Kesho atamhamishia mwenzake kwa programu ya Xender bila kulipa megabaiti hata moja.

Mtu anayefuta arusi ya dada yake ili apate nakala iliyochakaa ya mchezo mkubwa, mnamwita amechoka na michezo mikubwa?

Tatu: diski, ambayo hawaitaji kamwe

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu, na nitakaa hapa.

Hoja ya kukinai inazungumza kana kwamba kila mchezaji ananunua nakala yake, anaicheza sebuleni kwake, na asipoinunua basi haitaki. Kwetu mchezo mkubwa haukuingia kwa njia hiyo. Uliingia kwa chumba cha michezo. Televisheni mbili au tatu ukutani, benchi za mbao, maneti za kuchezea ambazo vijiti vyake vimepoteza mpira na kuvalishwa kipande cha tyubu ya pikipiki, jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta wa mbao, na mwenye chumba ambaye sikio moja liko kwa wateja na jingine kwa petroli inayokwisha. Kanuni inajulikana: aliyeshindwa analipa na kuondoka, mshindi anabaki. Kwa noti ndogo ya faranga mtoto wa muuza makaa anashika mchezo uliogharimu mamilioni ya dola na kucheza kama mtoto wa Paris.

Kilichowezesha hayo ni diski. Diski moja, iliyonunuliwa Kampala au Dubai na kuvushwa mpakani Kasindi pamoja na vitenge na vipuri vya pikipiki, iliweza kuhudumia vidole vya mtaa mzima kwa miaka. Mwenye chumba akiichoka alibadilishana na mwenzake. Butembo ikishiba nayo, inapanda gari kwenda Beni, na Beni inaisukuma hadi miji midogo ya Oicha au Mangina. Katika vitabu vya kampuni hiyo ni nakala moja iliyouzwa. Katika maisha ya mji ni mamia ya wachezaji. Takwimu zinazotumika kutangaza kifo cha hamu hazikuwahi kuwa na safu ya watu hao.

Ndiyo, diski nyingi za PlayStation 2 zilikuwa za kunakiliwa, na waliozitengeneza hawakulipwa. Ni kosa, silitetei. Lakini hakuna anayenakili kitu ambacho watu hawakitaki. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, Sony ikaacha kuiunda Januari 2013 baada ya kuuza takriban mashine milioni 160, na bado mwishoni mwa 2013 Konami na EA walikuwa wakiitolea mpira mpya. Sehemu kubwa ya ulimwengu ilikuwa bado iko kwenye mashine hiyo, kwa sababu ilicheza diski bila kudai akaunti wala intaneti.

Kisha tundu la diski likaanza kuzibwa. Mwaka 2020 PlayStation 5 ilikuja na toleo lisilo na sehemu ya diski. Novemba 2024 PlayStation 5 Pro ikauzwa dola 700, na sehemu ya diski ikawa kifaa cha kununua kando. Alan Wake 2 ulitoka Oktoba 2023 bila diski kabisa, ikabidi diski isubiriwe mwaka mzima. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, kwenye PlayStation 5, ilikuwa na diski yenye megabaiti kama 70 tu, mchezo wenyewe ulipaswa kushushwa kwenye intaneti. San Andreas iliingia yote katika DVD moja. Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023 unataka gigabaiti 150 za nafasi. Mpeni mkazi wa Bulengera, Butembo, anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu kazi ya kushusha gigabaiti 150, tena kwa umeme wa sola au wa jenereta, kisha mrudi mseme hakuvutiwa.

Na hata akizishusha, kuna mlinzi wa pili: akaunti. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PlayStation. Huduma hiyo haipo katika nchi nyingi, kwa hiyo mchezo ukaacha kuuzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam katika nchi na maeneo 177, Kongo na sehemu kubwa ya Afrika zikiwemo. Wachezaji wa nchi tajiri walipiga kelele, Sony ikaliondoa sharti baada ya siku chache, lakini nchi zilizofungiwa hazikufunguliwa siku hiyo. Helldivers 2 ulikuwa umeuza nakala milioni 12 katika wiki 12 za kwanza. Watu walikuwa mlangoni na fedha mkononi, na muuzaji ndiye aliyefunga. Kijana wetu mwenye PlayStation hujiandikisha kuwa anaishi Ufaransa au Afrika Kusini ili mashine yake imkubali. Analazimishwa kudanganya makazi yake, kisha kwenye takwimu anahesabiwa Mfaransa, na Kongo inaonekana haina wachezaji.

Nikumbushe jambo moja zaidi kwa wanaosema intaneti ndiyo njia ya mbele kwa wote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, ambao Beni na Butembo tulinyimwa siku yake kwa sababu ya Ebola na usalama, serikali ilikata intaneti nchi nzima tangu tarehe 31 Desemba kwa takriban siku 20. Mchezo unaodai intaneti kila unapowashwa ulikufa siku hizo. Diski haikuomba ruhusa kwa yeyote. Kwa miji ambayo tangu Oktoba 2014 imezoea mauaji pembezoni, tangu Mei 2021 iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 imepokea wakimbizi juu ya wakimbizi, kitu kinachofanya kazi bila kumtegemea mtu wa mbali kina thamani ambayo muuzaji wa California haijui.

Nne: michezo midogo iko nyuma ya lango lilelile

Hili ni fupi. Wanasema udogo ndio ukombozi wa maskini. Balatro ni mdogo kweli, na ni mzuri. Lakini uununue vipi kwa njia halali kwenye kompyuta ukiwa Beni? Duka linataka kadi ya benki ya kimataifa. Watu wetu wana M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Dola 15 za mchezo mdogo na dola 70 za mchezo mkubwa zinakwama kwenye ukurasa uleule wa malipo. Hali ikiwa hiyo, kuzungumzia ukubwa wa bajeti ni kukwepa swali la nani anaruhusiwa kulipa.

Tano: bili wanayoificha

Kukinai ni neno linalowafaa sana wakubwa wa kampuni. Ukikubali kwamba mchezaji amechoka, lawama ni za mchezaji, na hakuna atakayeuliza bei ilipandaje. Nyaraka za mahakama za Marekani za mwaka 2023 zilifichua kwamba The Last of Us Part II uligharimu dola milioni 220. Michezo mikubwa sasa ni dola 70, na mwaka 2025 Nintendo iliuza Mario Kart World kwa dola 80. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongomani 7 katika kila 10 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Dola 70 ni siku 32 za mtu huyo bila kula, bila kodi, bila karo. Asiponunua, msomi wa London anaandika kwamba ladha imebadilika.

Wakati huohuo sisi tumekwisha kulipa kwa namna nyingine. Mwaka 2000, mwaka wa PlayStation 2, bei ya koltani ilipaa. Tantali inayotoka humo hutengeneza vijidude vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na konsoli. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza katika ripoti ya Aprili 2001 jinsi majeshi ya kigeni na vikundi vyenye silaha vilivyokuwa vikitajirika kwa madini ya mashariki ya Kongo. Robo karne baadaye mgodi ni Rubaya, huko Masisi, katika jimbo letu hili. M23 iliutwaa mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba inakusanya humo ushuru wa takriban dola 800,000 kwa mwezi. Waliofukuzwa na vita hivyo wanalala Butembo na Beni leo. Bajeti ya dola milioni 220 ina mstari wa waigizaji, wa muziki, wa matangazo. Mstari wa Rubaya haumo. Kwa hiyo nikisikia kwamba eneo hili halina maana katika soko la michezo mikubwa kwa sababu hainunuliwi hapa, nakataa kwa sauti. Madini yanatoka kwetu, vita viko kwetu, na hamu iko kwetu. Kilichoondolewa ni haki ya kununua diski moja na kuicheza wengi.

Nabakiza neno kwa wafanyabiashara wetu, kwa sababu wao ndio walioanza kuirudia hoja hii na wao ndio itakaowagharimu. Mnaposema PlayStation haitoki, angalieni mmeleta ipi. Mashine isiyo na tundu la diski mnailetea mji usio na akaunti, usio na kadi na usio na gigabaiti, kisha mnashangaa inakaa. Rockstar imetangaza kwamba GTA VI itatoka tarehe 19 Novemba 2026, baada ya kuahirishwa mara mbili. Kila mwenye chumba cha michezo, kuanzia Furu ya Butembo hadi Bungulu ya Beni, atakuja kuuliza kuihusu. Kabla ya kulipa mzigo Dubai, mwambieni muuzaji awashe mashine, aweke diski, akate intaneti, na mchezo uanze mbele yenu. Ukikataa kuanza, mwachieni.